Faili la Parachichi

Nililinunua faili usiku, shilingi elfu saba,
matunda ishirini na manne kwenye kabrasha moja:
stroberi, pichi, cheri za kikonyo pacha,
yamechorwa na mtu asiyeijua Moshi,
mistari misafi, hakuna doa, hakuna tundu la funza.

Mashine nimeiweka juu ya meza ya cherehani ya shangazi,
Pasua, chumba cha nyuma, dirisha linatazama ukuta.
Nalaza vinili kwenye mkeka wa gundi, nabonyeza,
na kile kisu, kidogo kama jino la panya,
kinaanza kutembea.
Elinami, mwanangu, husema mashine inatafuna.

Kisha kuchambua. Kama mchele, ila kwa sindano:
unang'oa kisichotakiwa, unaacha tunda.

Mifuko kumi ya turubai, stroberi tatu kila mmoja.
Jumamosi nikaipeleka sokoni Mbuyuni.
Watu walishika, wakageuza, wakasifu mshono.
"Hizi nyekundu nini, nyanya?"
"Stroberi."
"Aa."
Wakaurudisha taratibu
kama mtu arudishavyo mtoto wa mwenzake.
Niliuza miwili. Mmoja kwa mgeni aliyeshuka mlimani,
pua imebabuka kwa jua la theluji;
wa pili alichukua Haikaeli kwa mkopo,
na Haikaeli mnamjua.

Mama Ndekirwa, anayeuza parachichi jirani yangu,
alikuwa akinitazama toka asubuhi.
"We binti, mbona unauza matunda ya watu?"

Nikarudi nyumbani nimekata shauri.
(Neno hili, kata, halituachi:
umeme hukatika, mteja hukata bei, mtu hukata tamaa.
Kiu peke yake ikikatwa, tunashukuru.)

Mti wetu wa Kibosho kaka aliukata mwezi wa pili
upishe msingi wa fremu mbili za duka.
Matunda matatu ya mwisho mama aliyaleta kwa ndoo,
yamefungwa gazeti, yaive polepole.
Moja tulilila kwa chumvi, bila kusema kitu.
Moja nililipasua, nikalilaza juu ya karatasi,
nikalizungushia penseli. Mafuta yakaingia karatasini.
Nikapiga picha kwa simu, nikafuata mstari kwa kidole,
nukta kwa nukta, mpaka saa sita usiku.
Kwenye mafaili ya kununua kokwa hukaa katikati kama kitovu.
Letu lilikuwa limeegemea upande,
kama mtu anayesikiliza ukutani.
Nikaliacha hivyo hivyo.

Nikaligeuza kinyume, maana vinili ya nguo
hukatwa kama uso ulivyo kwenye kioo.
Nikabonyeza. Jino likaanza kutafuna,
likazunguka shingo, likashuka tumboni,
na hapo TANESCO wakachukua chao.

Nusu parachichi.
Nikakaa gizani nikicheka peke yangu.
Kisha nikawasha mshumaa, nikamalizia kwa wembe,
mkono ukatetemeka karibu na kikonyo;
hapo pana kidonda mpaka leo.
Pasi ya umeme ilikuwa chuma tu,
nikaazima ya mkaa kwa jirani, nikapuliza,
nikaibana juu ya aproni ya kijani, nikihesabu kwa sauti.

Mama Ndekirwa aliivaa palepale mezani pake.
Elfu kumi na tano: tisa taslimu,
sita kwa parachichi za kupimiwa.
Kufikia mchana wenzake wanne wameagiza,
mmoja anataka stafeli, na miiba yake yote,
mungu wangu, miiba yote ile kwa sindano!

La tatu sijalichora. Kokwa lake
limo kwenye kopo la rangi, kwenye udongo, kimya.

Jumapili mama alikuja.
Aproni ya pili ilikuwa imetundikwa mlangoni.
Hakuuliza bei, hakuuliza mashine.
Alisogea, akaweka kidole gumba chini ya tunda,
akabonyeza kidogo, kama abonyezavyo sokoni,
akatega kichwa.

"Bado," akasema. "Lipe siku mbili."