Kitunguu Nusu

Jumanne ya pili ya kila mwezi, sokoni Kibuye,
kabla jua halijakolea juu ya mabati,
nafika na ubao wangu, fomu, penseli mbili
na mizani ya ndoano niliyokabidhiwa kwa sahihi.
Dorsila Awuor huniona tangu kwa wafua masanduku.
"Huyo anakuja," humwambia jirani,
"mteja asiyenunua."

Miaka saba. Nimemuuliza bei
mara themanini na nne, sijamwachia hata shilingi.
Kanuni ni kanuni: mahali pale pale,
kitu kile kile, ubora ule ule,
ili kinachobadilika kiwe bei peke yake.
Ndivyo tulivyofunzwa, katika hoteli moja Nakuru,
tukinywa chai ambayo hatukuilipia.

Nyanya, fungu: ishirini.
Mwaka jana, fungu: ishirini.
Ila mwaka jana zilikuwa nne chini, moja kileleni.
Leo ni tatu, zimekaa
kama mafiga yasiyo na chungu.
Napima. Nagawanya.
Bei iliyosimama tuli mbele za watu
ikifika kwenye fomu yangu inatimua mbio.

Omena, gorogoro.
Mkebe ni ule ule, kutu ile ile mdomoni,
lakini kitako kimegongwa nyundo kikaingia ndani
kama tumbo la aliyelala njaa.
Namtazama Dorsila. Dorsila anatazama ziwa,
ambalo kutoka hapa halionekani.
"Kanjo kapandisha tikiti," anasema hatimaye.
"Mwenye lori kapandisha, ati dizeli.
Na mimi nipandishe nini, binti?
Nimepandisha kitako."

Tulicheka mpaka muuza dagaa wa kukaanga akageuka.

Kisha akaja mtoto, sare ya shule, sarafu ya kumi:
"Mama kasema kitunguu nusu."
Dorsila akakata, wala hakuuliza mara mbili.
Nusu ya pili akaifunika kwa bakuli
imngojee mwingine.

Nikatafuta kwenye fomu.
*Kitunguu, chekundu, kilo moja.*
Kilo moja Dorsila hajauza tangu Pasaka,
isipokuwa kwa mwenye hoteli, naye alikopa.
Pembeni nikaandika neno moja: *wanakata*.
Jioni msimamizi akapiga simu.
"Zilpa, safu ya maelezo ni ya duka lililofungwa."
Nikafuta.
Penseli huacha kovu; ukiinua karatasi
dhidi ya taa utalisoma.

Alhamisi, redio ya fundi viatu: bajeti.
Waziri anasoma matrilioni
kwa sauti ya mtu ahesabuye ng'ombe wa jirani.
Nakisi. Makadirio. Kupanua wigo wa kodi.
Fundi akaondoa misumari midomoni.
"Wigo si ua?"
"Ni ua."
"Wanaupanua sisi tukiwa ndani au nje?"
Nikamwambia mimi ni wa bei tu, kodi ina watu wake.
Akarudisha misumari midomoni, mmoja mmoja.

Mwisho wa mwezi ikatoka nambari: sita nukta moja.
Niliisikia nikiwa kwenye foleni ya maji Manyatta,
na mwanamke mbele yangu akauliza,
"Sita ya nani?"
Hakuna aliyemjibu. Nami, niliyekuwa na jibu
lenye kurasa kumi na mbili,
nikasogeza mtungi wangu mbele.

Jumanne ya pili ilipozunguka nilivunja kanuni.
Nilinunua. Fungu moja, yale mafiga matatu,
kwa ishirini yangu mwenyewe.
Dorsila alilishika lile noti la hamsini, akaligeuza,
akanirudishia thelathini, akanitazama usoni
kama anayesoma mizani.
Kisha akainama chini ya meza
akachomoa nyanya ya nne, kubwa, isiyo na doa,
akaiweka juu ya zile tatu.
"Hii ni ya nyongeza," akasema. "Usiiandike."

Nikasimama pale, fomu kwapani,
ndoano ikining'inia mkononi,
na nyanya ya nne
haina safu.