Pini Bado Zimo

Inua mikono, Bukuru. Zaidi.
Cheza kidogo, kama ukumbini.
Limeteleza, nimeona. Usilivute:
bibi harusi mvuta gauni
hupigwa picha zote akivuta.

Mama yako anataka tubane kifuani.
Kifua hakibebi gauni,
mbebaji ni kiuno.
Basi ndani, pasipoonekana,
nimeshona utepe mgumu wenye kulabu mbili;
funga huo kwanza, zipu baadaye.
Vijiti ni plastiki za marobota ya mitumba,
nimeziokota soko la Mwanga,
ncha nimezichoma kwa mshumaa
zisikudunge mbele ya mchungaji.

Umepungua tangu Jumatatu.
Hata migebuka huli?
Sikuulizi.
Natoa nusu inchi kila ubavu,
akiba naiacha kwenye mshono,
maana pacha wako Butoyi ataliazima,
na yeye chapati hazimpiti.

Sasa kaa. Vuta pumzi.
Inama, niokotee sindano ile.

Limetulia.

Langu lilikuwa la mikono mirefu,
kola mpaka kidevuni. Kigoma nzima ililisifu.
Halikuteleza hata kidogo,
lile gauni.

Vua taratibu.
Pini bado zimo.