Ukuta Usio na Dirisha

Huku Batanes nyumba hukaa kama kaa:
zimejibana chini, gamba la mawe nje,
paa la nyasi limefungwa kamba hadi ardhini.
Madirisha pande tatu. Upande wa nne hakuna,
maana huko ndiko tufani itokako,
na tufani, husema Bibi Hilaria,
haifunguliwi hata tundu la sindano.

Alizaa watoto saba akiuegemea ukuta ule.
Miaka themanini na mbili aliusikia upepo
ukiupiga makonde usiku kucha,
mdai asiyejua kwamba hodi ni tatu.

Kisha alfajiri moja ardhi, si upepo,
ikajikung'uta kama mbuzi aliyelowa.
Ukuta wa mita nzima, mawe na chokaa ya matumbawe,
ukalala kifudifudi uani.
Tulimkuta ameketi kitandani, vumbi hadi kwenye kope,
anaitazama bahari
pale palipokuwa na giza na mijusi.
Hakulia. Aliomba kahawa.

Jumamosi walikuja watu arobaini,
na viazi vikuu vyao, na kamba zao,
hakuna aliyeitwa.
Mjukuu wake Teofanes, fundi wa Manila,
akakunjua mchoro juu ya kifusi:
Hapa, bibi, tuweke kioo kizima.
Mandhari kama hii watu huilipia.

Bibi akainywa kahawa yake hadi machicha.
"Tumeshaonana," akasema, "mimi naye.
Zibeni. Julai haiko mbali."