Kipimo cha Maji

Mililita mia tano kwa siku, alisema daktari,
na humo hesabu mchuzi, uji, hata chungwa.
Tandika, mwezi wa pili, bati linalia kwa jua,
na mwanangu Shadhili, miaka kumi na saba,
anapewa kikombe kimoja asubuhi
akitunze kama mtu anavyotunza nauli ya kurudi.

Mimi ni fundi friji.
Nikaanza kumgandishia, vipande kumi na viwili,
akawa ananyonya kimoja kimoja huku anasoma fizikia.
Nyumba nzima tukajifunza kunywa kwa wizi.
Mama yake alikunywa bafuni, bomba kalifungulia
ili mlio ufiche mlio.
Mdogo wake, Nasra, alikunywa kwa jirani
akarudi kajifuta mdomo kama aliyedokoa nyama chunguni.

Jumatatu, Jumatano, Ijumaa: mashine, Muhimbili.
Mkono wa kushoto walimuunganisha mishipa,
ukawa unavuma.
Usiku, akilala, niliutegea sikio.
Ulivuma kama mota nzima isiyo na hitilafu,
nami niliyezeeka nikisikiliza mota
sikujua nishike wapi.

Kompresa nimehamisha maisha yangu yote.
Natoa kwenye friji lililokufa, natia kwenye linalougua,
nachomelea mrija, najaza gesi, nachomeka,
na friji haliulizi hii imetoka kwa nani.
Nikamwambia daktari: chukua yangu, leo.
Akanionyesha karatasi. Damu yangu haimfai mwanangu.
Ya mama yake ilifaa; sukari ikamrudisha mlangoni.

Ikabaki simu moja.
Dada yangu Mwantumu, Mbagala Kizuiani.
Miaka sita hatujasalimiana
kwa ajili ya kiwanja cha marehemu baba
kinachotosha choo na banda la kuku.
Nikapiga, nikakata. Nikapiga, nikakata.
Akapiga yeye:
"Unanibipu kama mchumba? Sema."
Nikasema.
Kimya. Nikasikia mafuta, alikuwa anakaanga mihogo.
Halafu: "Wanapima saa ngapi?"

Walimweka chumbani peke yake, wakamuuliza
kama amelipwa, kama kuna aliyemlazimisha.
"Ningetaka kulipwa," akawaambia,
"ningeanza na kile kiwanja."

Mafundi wenzangu walileta kopo la rangi
limejaa noti zinazonuka grisi.
Hakuna aliyetoa hotuba. Mmoja aliuliza kama tumekula.

Siku yenyewe, milango miwili.
Dada yangu kapita huu, mwanangu kapita ule,
na mimi katikati na viatu vyao mkononi,
ndala za bluu, raba nyeupe,
nisijue nivipange vipi sakafuni.

Figo mpya waliiweka chini ya tumbo, kulia.
Zile za zamani wameziacha palepale,
wapangaji wasiolipa kodi.
Asubuhi nesi akainua mfuko kwenye mwanga:
mkojo. Mfuko tele, rangi ya chai ya mkandaa iliyopoa.
Sijawahi kuona mali kama ile.

Sasa ni lita tatu kwa siku.
Saa mbili asubuhi, saa mbili usiku, simu inalia,
vidonge vya kuubembeleza mwili
usimtambue mgeni, usimfukuze.
Hadi lini? Daima, alisema daktari,
na figo yenyewe haikusaini mkataba:
miaka kumi, labda zaidi, labda.
Nasra anamfuata kaka yake na jagi, "Kunywa!"
naye ananung'unika, "Tumbo limejaa, jamani,"
na mimi nacheka nikigeukia ukutani.

Jana usiku nilimkuta mama yake bafuni,
kikombe mkononi, bomba linatiririka.
Tukatazamana. Akalifunga.

Jumapili Mwantumu huja, mkono ubavuni penye mshono.
Anakunywa mbele ya watu wote
kwa kikombe kilekile, ananirudishia:
"Ongeza. Na kile kiwanja bado hatujamalizana."
Nami naongeza.