Ubwiri Unga

Niliulizwa uzito. Niliulizwa nalala saa ngapi.
Niliulizwa, na sauti ikashuka, kama nimewahi kwenda
kule ukingoni, Shimo la Mungu, bila shughuli.
Nikajibu: nilikwenda kutazama ukungu.
Daktari Nachundu hakuandika kitu kwa muda.
Kisha akasema, "Ukungu wa Newala unatufuata mpaka mlangoni, Chipande,"
akavuta kiti chake karibu na changu.

Niseme kweli: nilikwenda kupimwa moyo.
Moyo uliokuwa ukipiga kama mtu anayedai deni,
siku ya mnada, ghalani, watu wanangoja bei isomwe,
mikono ikafa ganzi, nikatoka nje, nikashika ukuta.
Wakasema presha. Wakasema jini la ukweni.
Mmoja akasema ni bei yenyewe, watu wakacheka,
nami nikacheka. Kikatoka kama kikohozi.

Moyo ukapimwa: mzima.
Kilichokutwa kina jina nililodhani ni la watu wa redioni,
sonona,
na mdogo wake, wasiwasi, kamshika mkono.
"Dawa ni moja kwa wote wawili," akasema.
Kapsuli. Nusu kijani, nusu nyeupe,
nyepesi kuliko ganda la korosho.
Nikauliza: hii ndiyo dawa ya vichaa?
Akaniuliza: mikorosho yako ikishikwa na ubwiri unga,
unaiita vichaa?

Hapo alinikamatia kwenye kazi yangu.
Miaka kumi na tisa napuliza salfa,
Kitangari mpaka Mkunya, pampu mgongoni,
kitambaa puani, macho yanawasha.
Naujua ule unga mweupe. Hauangushi mti.
Mti unasimama, majani yapo, mpita njia anasifia kivuli.
Ni ua tu linalokauka kabla halijawa kitu.

Somoe aliificha pakiti ndani ya kopo la majani ya chai,
mama yangu asiione.
Wiki ya kwanza kichefuchefu, mdomo mkavu,
usiku macho yamewaka kama taa ya getini.
Ya pili, hakuna.
Ya tatu, hakuna, na hasira ya hilo hakuna.
Nikasema naacha. Somoe, mtu asiyepandisha sauti, akasema:
"Ukipuliza leo, kesho unakwenda na gunia kuokota?"
Nikameza kwa kununa. Dawa haikujali.

Ya nne siikumbuki. Nadhani nililala.

Wiki ya tano, Jumanne,
baridi ya huku juu imekaa kwenye bati,
foleni ya ndoo bombani inagombana kama kawaida,
nikasikia harufu.
Jirani anachemsha ming'oko.
Miezi minane chakula kilikuwa kitu cha kutafuna tu,
na sasa mate yamenijaa mdomoni, kwa aibu, kama mtoto.
Sikusema nimepona. Sijapona.
Moyo bado unabisha hodi, ila siku hizi unangoja kuitikiwa.
Nilichosema ni, "Somoe, kaniombee vipande viwili."
Akaleta vitatu. Akakaa kunitazama ninavyomenya,
chumvi vidoleni,
kisha akajitia kuchambua mchele
uliokwisha kuchambuliwa jana.

Jioni nikamwambia daktari kwa simu: basi, niache sasa?
Akasema, "Thubutu.
Ua limefunga, hilo tu. Njoo tuongee kwanza,
na siku ya kuacha tutashuka ngazi moja moja, mimi na wewe."

Asubuhi yake mama akatoka ndani, lile kopo mkononi.
Nikamtazama Somoe. Somoe akatazama kuku.
"Majani ya chai yamekwisha," mama akasema,
"na dawa yako imebaki ya siku sita.
Ijumaa nani anakupeleka?"