Mtungi Mtupu

Waliileta kwenye flashi
iliyofungwa kwa karatasi ya sambusa:
hadithi ya Nalukoto, yetu sisi wa Newala,
dakika tisini na nne, rangi kali,
jina lake kwa herufi za dhahabu
na kosa moja la tahajia.

Nilitoza mia tatu. Banda likajaa hadi mlangoni.
Hata shangazi Somoe, asiyekanyaga humu
tangu nilipomtafsiri Mchina kwa lafudhi ya Masasi
na kumtukania mama yake,
alikuja na kigoda chake, akakaa mbele,
kikopo cha ugoro mapajani.

Mnaijua. Mwaka wa kiangazi kirefu
Nalukoto anateremka ukingo wa mlima usiku
mpaka chemchemi ya bondeni, anapanda na mtungi.
Njiani anakutana na mwenye kiu.
Alfajiri anafika kwao, maji nusu.
Mama mkwe anauliza: nani amekunywa?
Naye hasemi.
Hasemi mpaka anazikwa.
Bibi alikuwa akifika hapo anavuta ugoro,
anatuacha tukibishana: chui? mtumwa mtoro? marehemu mumewe?
Kila mtoto alikwenda kulala na mnywaji wake.

Sinema inasema. Inasema sana.
Mwenye kiu ni mwana wa sultani aliyepotea mawindoni,
ana farasi (farasi, huku kwetu, na mbung'o wote hawa!)
na Nalukoto anamweleza mkwewe kila kitu
akilia, vinanda vikilia naye,
mpaka mvua inanyesha kwa wakati wake, kama imelipwa.

Nilijiandaa kukasirika.
Lakini kina mama hawakungoja mvua.
Walianza kucheka mapema, pale anapopanda mlima
shingo laini, mikono inapepea,
mtungi kichwani unayumba kama kofia.
"Mtupu ule!" alipaza mmoja. "Hauna hata tone!"
Wamepanda kutoka bondeni na ndoo tangu usichana wao;
shingo zao hujua uzito kabla ya macho.
Farasi walimsamehe. Mwana wa sultani walimsamehe.
Mtungi, hapana.

Mimi nikanyamaza, maana mimi nani?
Miaka kumi na moja nimeketi na kipaza sauti hiki
nikiwavisha watu maneno wasiyoyasema.
Mjane mmoja wa Kihindi alilia mbele ya moto wa mumewe,
nami, kwa kuwa banda lilikuwa linasinzia,
nikamfanya adai pesa zake za korosho.
Walicheka hadi benchi likavunjika.
Sijui mpaka leo yule mama alisema nini.

Onyesho la pili nilimwomba shangazi
akae kwenye kiti changu.
Nikazima sauti. Alisimulia akizifuata picha
zilipokwenda alikokwenda, zilipopinda akaziacha.
Farasi alipotokea alisema tu:
"Huyu kapotea njia, mwacheni apite."
Mlima aliupanda polepole kuliko yule binti.
Binti alikuwa keshafika, keshaoga, kabadili kitenge,
shangazi bado anahema kwenye kona ya tatu,
anahamisha kata, anauliza kama kumekucha.

Ikabidi nisimamishe picha nimngoje.

Kisha mkwe akauliza.
Kwenye kitambaa, midomo ya Nalukoto ilifunguka,
ikafanya kazi, ikafunguka tena,
machozi, mvua,
na kwenye spika, hakuna.
Jenereta nje. Kifuniko cha kikopo.
Chafya.

"Sauti!" alipiga kelele kijana wa nyuma
aliyelipa mia tatu yake kamili.
"Mkalimani, sauti!"
Mwanamke wa mbele yake akageuka,
akamtazama,
hata hakumwambia anyamaze.