Bakaa

Mjukuu wangu alizaliwa Temeke saa sita na dakika ishirini,
usiku wa kuamkia sensa.
Dakika ishirini!
Karani akasema, mama, kalamu imeshapita,
huyu ni wa hesabu ijayo.
Ndiyo maana hapa Keko wanamwita Bakaa.
Nami hucheka nao,
ila kuna jino linaloumia, kama limeuma jiwe kwenye wali.

Jumanne, napiga msasa miguu ya stuli za fundi Ngalomba,
ujumbe ukaingia:
*Mpendwa mteja, ktk kaya yako yupo mtu 1 HAJAHESABIWA.
Lipia 8,500 aingizwe kabla ya saa 10 jioni. Karani Mkuu.*

Mtu mmoja. Amejuaje?
(Hakujua. Alirusha mawe elfu gizani,
moja likampata mtu akalia yalaa,
mtu mwenyewe mimi.)

Akapiga. Sauti laini, ya mtu aliyekula akashiba.
Akaniita mama yangu mzazi.
Nyuma yake ndoo inajazwa maji, mtu anapiga mluzi.
Ofisi gani hiyo ya serikali inayofua?
Lakini alishasema, "Asiyehesabiwa, mama, chanjo atapata wapi?"
na vidole vyangu, vyenye vanishi, vilishaandika namba,
vilishaandika 8,500.
Jina likatokea.
Si ofisi, si wizara. Jina la mtu, kama langu, kama lako,
linanitazama, linasubiri nibonyeze moja.

Hapo nikamkumbuka Sifuni.
Sifuni karani wetu, mwalimu wa darasa la tatu,
alibisha hodi, mjumbe yuko nyuma yake,
kitambulisho kifuani, kishikwambi mkononi, jasho mpaka kwenye kope.
Nilimpa stuli ambayo haijakauka, ikamnata sketi.
Aliuliza bati, aliuliza choo, aliuliza redio,
aliuliza nani amekufa mwaka ule, akanisubiri nimalize kulia.
Shilingi hakuuliza.
Namba ya siri hakuuliza.
Wala hakuniita mteja:
sensa inauza nini, hata niwe mteja wake?

"Mama, basi nisomee hizo tarakimu zilizoingia kwenye simu yako..."
Nikamwambia, mwanangu, njoo Keko ubishe hodi,
nina stuli nyingine mbichi.
Akanitukana tusi la nguoni, akakata.

Ningeweza kufuta, nikanyamaza.
Aibu ndiyo chenji wanayotuachia,
tunaifunga kwenye pindo la kanga.
Lakini nilipomwonyesha fundi Ngalomba, msasa ukamdondoka.
Naye alituma. Juzi. Mara mbili.
Mama Zawena wa genge alituma, akamficha mumewe.
Kinyozi aliwasomea tarakimu zote, wakamkomba mpaka salio la vocha.
Jioni ile tukahesabiana wenyewe,
kwa penseli ya seremala, juu ya kipande cha mninga:
waliopata ujumbe, kumi na tisa;
waliotuma, saba;
waliosema hawakutuma huku wakitazama chini, wawili.

Kesho yake tukaubeba ubao ule,
serikali ya mtaa kwanza, kisha kituo cha Chang'ombe.
Afande akaugeuza, akaunusa,
akasema hajawahi kupokea shauri lenye harufu ya mninga.
Ujumbe hatukuufuta hata herufi.
Namba tukaipeleka kunakopelekwa namba za matapeli.
RB ninayo, imekunjwa ndani ya kadi ya kliniki ya Bakaa.

Pesa ya fundi haijarudi. Sitasema uongo.
Na leo asubuhi namba nyingine imenipongeza,
eti nimeshinda pikipiki.

Bakaa ameota jino la chini.
Miaka kumi si mingi.
Tutamngoja anayebisha hodi.